Komunike ya Saa Sita na Nusu

Chef wa avenue, yaani kiongozi wa mtaa, alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha plastiki alichosogezewa, akafuta jasho, na kabla hajamaliza kutoa pole alikuwa ameshachomoa karatasi mfukoni. Muzee Useni aliiona karatasi ile akajua kwamba msiba wa nyumba yake ulikuwa umeshapata wenyewe wengine.

"Pole sana, Muzee. Pole, Mama Kuluthumu. Mungu njo anajua."

"Tumeshapoa, chef."

"Iko neno kidogo tu. Bakubwa balinituma. Unatia saini hapa, kisha munazika mutoto wenu kwa amani."

Ilikuwa Jumatano, saa mbili ya asubuhi. Uani vijana wa Birere, mtaa wa mji wa Goma, walikuwa wakifunga turubai la matanga, na wanawake wakichambua mchele kwenye masinia. Idrissa, mtoto pekee wa Useni, alikuwa amelala chumba cha pili chini ya shuka nyeupe. Walimtoa hospitali alfajiri ile ile, na angezikwa baada ya swala ya alasiri, maana Mwislamu hawekwi.

Useni alivaa miwani akasoma. Mistari sita ya Kifaransa, na muhuri umeshapigwa. Ilisema kwamba Idrissa, miaka ishirini na tisa, fundi wa kuchomea vyuma, alifariki kwa balle perdue, yaani risasi ya kupotea, wakati askari wa doria walipokuwa wakilinda usalama wa raia.

"Na nisipotia?"

Chef aliangalia viatu vyake pale mlangoni, kama mtu anayetamani kuvivaa. Hakuwa mtu mbaya, chef Élisée. Mlango wa chuma wa nyumba yake ulichomelewa na Idrissa huyu huyu, na mwaka wa pili sasa ulikuwa haulii.

"Iko karatasi ingine, Muzee. Ile inasema jambazi. Inasema alitaka kunyanganya askari bunduki. Hii ya kupotea nilikuombea mimi. Haki ya Mungu, nilikuombea."

Sumaya, mke wa Idrissa, alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, binti yake wa miaka minne amemlalia mapajani. Sasa aliinua kichwa.

"Chef, uliza Benny wa pikipiki. Benny njo alimubeba ku moto yake, alikuwa pale. Bwana yangu alikuwa anatoka Himbi, amemaliza portail, lango ya chuma ya watu. Ku barieri ya askari balimuomba telefone, akatoa. Balimuomba sanduku ya mashini, akasema hii njo sahani ya mutoto yangu. Balimuambia: haya, enda. Akageuka, akaenda. Balimupiga mbili ku mugongo. Sasa nakuuliza, chef. Risasi mbili zinapoteaka pamoja? Zinapotea zote mbili ku mugongo ya mutu mumoja?"

Chef alifuta jasho tena.

"Sumaya, mwanangu," alisema Useni taratibu, "nyamaza kidogo."

Asiyemjua Useni angemwita mwoga pale pale. Lakini waliokuwa wakichambua mchele nje walimjua, na hakuna aliyeshangaa. Huyu ndiye mtu aliyewatangazia vifo vyao vyote.

Miaka ishirini na sita, kila siku saa sita na nusu ya mchana, sauti iliyotoka kwenye redio za Goma ilikuwa yake. Enzi zile bwana! Redio yenyewe ilikuwa kijumba cha mbao kule Himbi, karibu na ziwa, micro moja tu ya kusemea, imefungwa kwa mpira wa baiskeli ili isianguke. Mvua ikinyesha juu ya bati ilibidi apige kelele. Lakini ikifika saa ile, Birere yote ilinyamaza. Wauza vitenge waliacha kupima. Wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao, walisimama na mizigo yao katikati ya barabara. Mama aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, alibaki ameushika mtwangio juu, anasubiri kusikia kama kuna jina la kwao. Mbuzi mwenye doa jeupe amepotea Mabanga. Diplome ya fulani imeokotwa sokoni. Familia ya fulani ina huzuni kubwa kuwatangazia ndugu na marafiki wote wa Sake, wa Kiwanja, wa Butembo. Hata lava ya volkano ilipoumeza mji, siku ya tatu Useni alirudi akakaa juu ya mawe yaliyokuwa bado na moto, akasoma majina ya watoto waliopotezana na mama zao. Kuna watu wazima leo, wana ndevu, waliorudishwa nyumbani na sauti ile.

Na alikuwa na fahari moja ambayo Kuluthumu, mkewe, alimtania nayo maisha yote. Akikosea, hata kama ni rangi ya mbuzi, kesho yake saa ile ile alisema: "Tunarekebisha komunike ya jana." Alijigamba kwamba hakuna kosa lake lililolala usiku wa pili.

Watu walimletea huzuni zao kwenye vipande vya daftari. Yeye alikaa nao kwenye benchi la nje, akasoma, kisha akasema: "Lete, tuipige pasi." Ndilo neno lake. Mtu ameandika *askari walimuua*, yeye anaandika *ametutoka ghafla*. Mtu ameandika *walichoma nyumba zetu*, yeye anaandika *kufuatia matukio*. Haikuwa bure. Mtangazaji aliyemtangulia alisoma siku moja karatasi ya mjane kama ilivyo, bila kunyoosha chochote. Redio ilifungwa miezi mitatu, na yule mtangazaji alivuka mpaka na shati moja, hakuonekana tena. Useni alijifunza. Akawa na daftari lenye jalada la kijani, amepanga humo maneno yote ya heshima yanayopita bila kuumiza mtu, na siku ya kustaafu aliliacha mezani kwa vijana kama mtu anavyoachia wanawe shamba.

Basi asubuhi ile mkono wake ulijua njia.

"Chef, wacha kwanza niandike komunike," alisema. "Saini itakuja nyuma."

Kuluthumu alimletea kalamu bila kumtazama. Useni aliandika mistari minne, akaisoma kwa sauti ili nyumba isikie, kama alivyowazoesha. *Familia ya Muzee Useni wa Birere ina huzuni kubwa kuwatangazia kifo cha mtoto wao Idrissa, aliyetutoka ghafla kwa risasi ya kupotea.* Sauti ilikuwa ile ile, imetulia, imenyooka. Nje, mwanamke mmoja aliacha kuchambua mchele akajifuta machozi. Na aibu iliyomwingia Useni ni kwamba kwa dakika moja alijisikia vizuri, alijisikia yuko kazini.

"Baba," alisema Sumaya. "Siku huyu mutoto ataniuliza, nitamuambia baba yake aliuawa na nani? Na risasi yenye haina mwenyewe?"

"Atakuwa mutoto wa mutu aliyekufa kwa bahati mbaya. Ao unataka aitwe mutoto wa jambazi? Masomoni, ku mukutano, siku ya kuolewa? Chagua wewe, mama. Mimi naona njia mbili tu."

"Iko ya tatu. Iko ile yenye ilipitika, ya kweli."

"Ile haina barabara hapa Goma."

Kuluthumu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga imefungwa kiunoni, alisema neno moja tu. Alisema, "Useni." Miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo mbele ya watu. Mzee alikunja karatasi, akatoka nje kutafuta hewa.

Nje, kwenye ngazi ya mawe meusi ya lava, alikuwa amekaa mama mmoja Mnande, wa makamo, msalaba mdogo shingoni, na kigunia cha maharage miguuni. Alikuwa amekuja kutoka Mabanga kwa miguu. Aliinuka akampa mkono kwa mikono miwili.

"Papa Useni, pole ya mutoto. Unanikumbuka?"

"Sura, ndiyo. Jina limeniponyoka, mama. Unisamehe."

"Kaswera. Miaka kumi na mbili sasa. Nilikuyaka kwako na karatasi ya cahier, ya daftari, nimeandika na Bic nyekundu. Bwana yangu alikuwa chauffeur wa gari."

Ikamrudia. Mwanamke kijana kwenye benchi la Himbi, mtoto mmoja mgongoni, na msichana mkubwa kidogo ameshika sketi yake. Msichana alikuwa hataki kulia mbele ya watu, na Useni alimpa pipi. Karatasi ilisema: *Askari walimuua bwana yangu ku barieri juu alikatala kubatolea gari.* Pasi ilipita. Ikatoka: *Ametutoka ghafla.*

"Nimekumbuka," alisema. "Ulikuwa na msichana mupole."

"Charline." Kaswera alikaa tena, akamwachia nafasi. "Papa, sikuja kukugombeza. Nilikuja na maharage juu uko na kilio, na wewe ulinipatiaka maji ya kunywa siku yangu. Lakini nimesikia vile unasoma pale ndani. Nikaona heri niseme, hata ukinifukuza."

"Sema, mama."

"Bandugu ya bwana yangu balikuwa Kiwanja. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, hawakufika ku maziko. Kifo balikisikia ku redio, na masikio yao. Ametutoka ghafla. Sasa wewe unajua batu ya hapa kwetu. Mwanaume wa miaka makumi tatu na tano, hajalala kitandani hata siku moja, anakufa ghafla. Nani anauliza ni ugonjwa gani? Banauliza nani alimupikia."

Useni alifumba macho. Alijua. Kila mtu Kivu anajua. Wazo lile halikuwa limempitia kichwani hata siku moja, yeye aliyepima kila neno.

"Balisema nilimupatia sumu," Kaswera aliendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nilibaambia: hapana, ni askari. Balinijibu: Redio ilisema ghafla. Ule muzee wa redio anaongopaka? Na mimi ningejibu nini? Wewe hukuongopaka hata rangi ya mbuzi. Jeneza ilifungwa misumari ku hospitali, askari banasimama pale, hakuna mutu aliona kidonda. Basi balikamata batoto yangu babili. Charline alikuwa na miaka saba. Balimulea kule, balimufundisha kama mama yake ni mutu wa sumu. Mudogo wake alikufaka na malaria, nilisikia nyuma ya mwezi."

"Na hukurudi kuniambia?"

"Kukuambia nini? Usome tena? Tangu lini mutu mumoja anasomewa kifo mara mbili?" Aliokota punje ya maharage iliyotoka kwenye tundu la gunia, akairudisha. "Uliipiga pasi, Papa. Ikanyooka muzuri sana. Mikunjo yote ilibaki kwangu."

Msichana yule na pipi yake hakumtoka Useni machoni, alivyoishika mkononi bila kuifungua. Kisha imamu alitokea mlangoni, akasema maji yako tayari na wanahitaji mtu mmoja zaidi wa kuosha, mtu wa karibu. Tangu alfajiri Useni alikuwa akisema hawezi. Sasa aliinuka, akakunja mikono ya kanzu, akaingia nyuma ya pazia.

Walipomgeuza Idrissa ubavu, yeye ndiye aliyekuwa na jagi. Tundu mbili, karibu karibu, unaweza kuzifunika zote kwa kiganja. Alizifunika kwa kiganja. Mabegani kulikuwa na vile vidoa vya zamani vya cheche za kuchomea vyuma, ambavyo Kuluthumu alikuwa akivipaka mafuta ya mgando kila Ijumaa akimgombeza avae shati zito. Useni alimwagia mwanawe maji, na alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotoka alikuwa na kanzu iliyolowa mpaka magotini. Alikwenda moja kwa moja kwa Kaswera, aliyekuwa ameshajiunga na wanawake kwenye moto.

"Mama Kaswera. Bwana yako, majina yote."

"Kambere Rémy. Juu ya nini?"

"Barieri ya wapi? Na saa ngapi?"

Kaswera alimtazama mzee, mwiko mkononi.

"Njia ya Sake," alisema. "Saa tatu ya asubuhi. Nilikuwa ndani ya gari, pembeni yake."

"Nikisema, hautaogopa?"

"Papa, batu ya kuniogopesha balimaliza zamani."

Useni aliandika nyuma ya karatasi yake. Chef Élisée akamfuata mpaka nje ya lango, amevaa kiatu kimoja, kingine mkononi.

"Muzee, na saini?"

"Kaa, chef, ule. Utasikia ku redio."

Benny alimpeleka kwa pikipiki yake. Barieri ya Himbi ilikuwepo pale pale, kamba na vijana wawili wenye bunduki. Walimwona mzee mwenye kanzu iliyolowa, wakampungia mkono apite.

Redio sasa ilikuwa nyumba ya ghorofa, na bati la enzi zile lilikuwa limekwenda. Lango lilikuwa na mlinzi ambaye hakuwa amezaliwa Useni alipoanza kazi.

"Muzee, unatafuta nani? Komunike banaacha ku dirisha pale. Toa carte d'identité, kitambulisho."

"Mimi ni Useni."

"Useni gani? Andika hapa, jina na sababu ya kufika."

Aliandika. Kwenye sababu aliandika *kifo*, akakalishwa kwenye benchi. Na benchi, jamani, lilikuwa lile lile. Ubao ule ule, msumari ule ule uliochomoza upande wa kushoto, uliochana sketi za akina mama wangapi. Alikuwa ameahidi miaka kumi kuupiga nyundo. Alikaa hapo robo saa kama mteja.

Florent, mkurugenzi, ndiye aliyekuja kumtoa, amekasirika na mlinzi mpaka mate yanamruka. Alikuwa mwanafunzi wa Useni. Aliingia pale akiwa hajui hata kushika micro, na mzee alimfundisha kupumua. Walikumbatiana. Florent alilia, maana Idrissa alikuwa rika lake, walicheza mpira pamoja kwenye mawe. Kisha alisoma karatasi, na machozi yakakauka.

"Papa, hii siwezi."

"Ni kweli tupu."

"Najua ni kweli! Nani hajue?" Alifungua droo, akatoa daftari la kijani, kurasa zimelegea, pembe zimeliwa na mikono. "Angalia. Hii njo tunatumikisha kila siku mpaka leo. Kila kijana anaingia hapa, nampatia kwanza hii. 'Risasi ya kupotea', ukurasa wa tano, mwandiko yako. Ulituambia: neno la heshima halifungi redio. Sasa leo unaniambia nini?"

Useni alilichukua daftari. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kijana, wenye mikia mirefu. Alikumbuka jioni alizokaa kulipanga, chai pembeni, Idrissa mdogo amelala chini ya meza, na jinsi alivyojiona mtu mwenye faida kwa mji.

"Nilikosea," alisema. "Na unanijua, Florent. Nikikosea ninafanyaka nini?"

Florent aliangalia saa ukutani. Dakika nane.

"Batafunga redio. Tuko batu kumi na mbili tunakula hapa."

"Utasema muzee alikuwa na wazimu wa kilio. Alikuingilia, akakamata micro. Nani atakatala? Niangalie nilivyo."

Florent alimwangalia kweli. Kanzu iliyolowa, macho mekundu, miwani imepinda. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, ya tumboni.

"Groupe ya umeme inaunguruma vibaya leo," alisema kwa sauti kubwa, ili na fundi mitambo asikie. "Naenda kuiangalia nyuma ya nyumba. Dakika tano. Nikirudi ninakuta komunike imeisha." Alipofika mlangoni aligeuka. "Papa, usiwe mbali na micro. Sauti yako imepungua."

Taa nyekundu iliwaka. Useni aliweka karatasi mezani, na daftari la kijani akalikalia.

Alianza kama zamani, kwa salamu ile ile. Alisoma mbuzi aliyepotea na kadi ya mwanafunzi iliyookotwa, maana watu wa mbuzi na kadi nao walikuwa wanasubiri. Kisha alisoma: "Familia ya Muzee Useni wa Birere ina huzuni kubwa kuwatangazia kifo cha mtoto wao Idrissa, fundi wa kuchomea vyuma. Jana Jumanne, saa kumi na moja ya jioni, ku barieri ya Himbi, askari wa doria alimupiga risasi mbili za mgongo. Hakuwa na silaha. Alikuwa na sanduku la kazi. Aliyempiga anajulikana na wenzake. Maziko ni leo baada ya alasiri. Mimi ninayesoma ni baba yake."

Angeweza kuishia hapo. Aligeuza karatasi.

"Tunarekebisha komunike," alisema, "iliyosomwa hapa miaka kumi na mbili iliyopita. Ilisema Kambere Rémy, dereva, ametutoka ghafla. Si kweli. Kambere Rémy hakufa ghafla, na hakuna mutu aliyemupa kitu cha kula wala cha kunywa. Askari walimuua kwa risasi, njia ya Sake, saa tatu ya asubuhi, juu alikataa kutoa gari. Mke wake Kaswera alikuwa pembeni yake, na alisema ukweli tangu siku ya kwanza. Aliyeandika uongo ni mimi, Useni. Ndugu zake wa Kiwanja, naomba munisikie. Binti yake Charline, kama uko hai na uko na redio, unisikie. Mwisho wa komunike."

Taa ilizimika. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alikuwa amevua kofia.

Alipofika nyumbani, watu walikuwa wameshajaa mpaka barabarani. Walimpisha. Chef Élisée alikuwa amesimama chini ya turubai, viatu vyote miguuni, na ile karatasi yenye muhuri ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama tembe ya dawa.

"Muzee," alisema kwa kunong'ona, "sasa mimi nitabaambia nini kule juu?"

"Baambie umesikia ku redio."

"Batakuja."

"Baje. Bapite hapa ku mulango, mimi niko." Na aliogopa, hilo alilijua. Lakini alikuwa amechoka kuogopa kwa niaba ya wengine.

Ndani, Sumaya alikuwa amemsimamisha binti yake mbele ya shuka nyeupe amuage baba yake. Alimtazama mkwe wake, akainamisha kichwa kidogo, akamsogezea mtoto ampakate. Kuluthumu alimvua ile kanzu iliyolowa, akamvisha kavu, akamfunga vifungo mwenyewe mpaka cha juu kabisa, kama mtu anayemwandaa bwana arusi. Mkono wake ulibaki kifuani pake kwa muda.

Imamu aliita wanaume. Useni alipotoka kwenda kushika upande wa mbele wa jeneza, alimwona Kaswera ameketi peke yake kwenye ngazi ya mawe, simu mikononi, moto wa maharage ameuacha. Wanawake walikuwa wamesimama mbali kidogo, wanamwangalia.

"Mama Kaswera, ni nini?"

"Alinipigia simu." Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga maji. "Namba yangu sikuibadilishaka. Miaka yote hii, banasema badilisha, network mubaya, mimi nakatala."

"Nani?"

"Charline."

Jeneza lilikuwa linasubiri. Hakuna aliyemharakisha mzee.

"Amesema nini?"

"Hakusema mingi. Alilia kwanza. Kisha akauliza kama ningali nakaa ku nyumba ile ile ya Mabanga." Kaswera aliinuka, akajipangusa majivu kwenye sketi, akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau mlango. "Sasa njo nafikiri, Papa, pale ndani hakuna hata kitanda cha pili."

Useni alimshika mkono kwa mikono miwili, kama yeye alivyomshika asubuhi. Kisha alikwenda akaweka bega lake chini ya mwanawe, upande wa mbele, na wakaanza kutembea.